Kilichofuata Kifo: Mayatima wa 1972 katika Mwambao wa Rumonge

Barabara inayotoka Bujumbura kwenda kusini imebanwa kati ya ziwa na milima. Baada ya kilomita sabini na kitu milima inarudi nyuma, uwanda unapanuka, michikichi inasimama safu kwa safu, na hapo ndipo Rumonge. Ni mji wa mawese na ndagala, mji wa mwalo na soko. Kiswahili chake hakikufundishwa darasani. Kilivuka maji pamoja na wachuuzi wa Ujiji, wavuvi wa kutoka ng'ambo ya Kongo na walimu wa madrasa. Burundi nzima mtu wa miji ya namna hii, hasa akiwa Mwislamu, huitwa Mswahili, na mara nyingine neno hilo hutamkwa kwa mdomo uliopinda.

Jumamosi ya tarehe 29 Aprili 1972 Rais Michel Micombero aliwafukuza mawaziri wake wote. Jioni hiyohiyo vikundi vya waasi wa Kihutu, wakishirikiana na mabaki ya waasi wa Kongo, vilivamia Rumonge, Nyanza-Lac na vijiji vya mwambao. Waliwaua maofisa wa serikali, wakawaua Watutsi waume kwa wake, wakawaua na Wahutu waliokataa kushika panga pamoja nao. Wanahistoria wengi wanakisia kuwa siku hizo za mwanzo waliuawa watu kati ya mia kadhaa na elfu moja na ushei. Baadhi ya waasi walirudi nyuma hadi Vyanda, mlimani, wakatangaza jamhuri yao waliyoiita Martyazo. Haikudumu.

Jeshi lilipoukomboa mwambao, kazi ya kulipiza haikuishia mwambaoni. Kuanzia Mei hadi katikati ya mwaka, nchi nzima, askari na vijana wa chama tawala walioitwa JRR walizunguka na orodha. Walichukuliwa walimu, wauguzi, makarani, mapadri, wafanyabiashara na askari wa Kihutu. Walichukuliwa wanafunzi wa sekondari wakiwa madarasani. Makadirio ya waliouawa yanaanzia laki moja na kufika laki tatu. Warundi waliupa msiba huo jina la ikiza, yaani baa, kama vile tauni au njaa, jambo linaloshuka bila mtu wa kuulizwa.

Hivyo katika majuma machache mwambao mmoja ulizaa mayatima wa namna mbili: wale ambao baba zao waliuawa na waasi usiku wa kwanza, na wale, wengi zaidi kwa mbali, ambao baba zao waliitwa ofisini kwa mahojiano wasirudi. Historia imezoea kuwahesabu waliokufa. Mimi nataka kuwafuata waliobaki hai, wakiwa na miaka sita, minane au kumi, kwa sababu wao ndio walioibeba 1972 hadi uzeeni, na yaliyowapata baadaye yanatufundisha kuhusu ugonjwa wa sonona zaidi ya vitabu vingi vya hospitali.

Kwa mtoto wa Kihutu, pigo la pili lilikuja baada ya kifo. Baba aliyeuawa hakuitwa marehemu, aliitwa mmenja, yaani msaliti, na watoto wake wakawa watoto wa mmenja, shuleni na kisimani. Akaunti za benki zilifungwa, nyumba na magari vikachukuliwa, hata samani. Mjane aliyekuwa mke wa mwalimu jana, leo alitafuta kibarua. Wengi wa watoto waliacha masomo, na wapo ambao hawakuacha kwa hiari: jina la baba lilitosha kuwafungia mlango wa sekondari.

Halafu kulia kukawa kosa. Katika mila za Kirundi kifo kina hatua zake. Kuna siku za mwanzo za kukaa kilioni, kuna guca ku mazi, hatua ya kupunguza msiba, na miezi kadhaa baadaye kuna kuganduka, siku ya kuumaliza, ambapo ndugu na majirani hukusanyika, mambo ya urithi na madeni yakasemwa hadharani, na waliofiwa wakaruhusiwa kurudi katika maisha. Kwa Waislamu wa Rumonge kuna matanga, hitima na arobaini. Haya yote yanahitaji mwili, au angalau ruhusa ya kusema kwamba fulani amekufa. Familia za 1972 hazikupewa mwili wala ruhusa. Kumlilia mmenja ni kujitangaza kuwa upande wake. Akina mama wakawafundisha watoto kunyamaza, na walikuwa na haki, kwa maana ukimya ndio uliowaokoa.

Miaka hiyohiyo ya 1970, mbali na ziwa hili, katika mitaa ya wafanyakazi ya Camberwell kusini mwa London, watafiti George Brown na Tirril Harris walikuwa wakiingia nyumba kwa nyumba wakizungumza na wanawake. Kitabu chao cha 1978 kilionyesha kwamba sonona haianguki ovyo kama mvua. Mara nyingi inatanguliwa na pigo zito, na kati ya wanawake waliopatwa na pigo kama hilo, waliofiwa au kuachwa na mama kabla ya kutimiza miaka 11 walikuwa wepesi zaidi kuanguka. Watafiti wengine walipinga. Wapo waliorudia uchunguzi wasione uhusiano huo. Brown na Harris, safari hii pamoja na Antonia Bifulco, wakaenda Walthamstow, kaskazini-mashariki ya jiji, kutafuta kwa nini. Jibu walilolitoa mwaka 1986 ndilo ninaloona linafaa kuwekwa mezani Rumonge. Kifo cha mzazi peke yake hakielezi mengi. Kinachoeleza ni malezi yaliyofuata: je, mtoto alipata mtu wa kumwangalia, au alitupwa, akapuuzwa, akahamishwa mikono hadi mikono? Aliyefiwa akapokelewa vizuri hakuwa na hatari kubwa kuliko wengine. Aliyefiwa akakosa malezi ndiye aliyeingia utu uzimani na mlango wazi.

Camberwell si Rumonge, na mwanamke wa London hakukimbia risasi. Hata hivyo ukiisoma 1972 kwa jicho hilo, unaona kwamba utawala uliofuata mauaji uliharibu kile hasa kinachomkinga mtoto. Mjomba ambaye angempokea alikuwa kwenye orodha ileile. Mama aliyebaki alikuwa na hofu na njaa kwa pamoja. Mwalimu alikuwa amekufa. Jirani aliogopa kuonekana mlangoni. Risasi ilimuua baba kwa dakika moja, lakini neno mmenja, shamba lililochukuliwa na kilio kilichokatazwa viliendelea kufanya kazi kwa miaka.

Utafiti mwingine mkubwa ulianzia mahali pasipotarajiwa, kliniki ya kupunguza unene huko San Diego, Marekani. Daktari Vincent Felitti aliona wagonjwa waliokuwa wakipungua vizuri ndio wanaotoroka matibabu. Alipowahoji akagundua wengi walinajisiwa au kupigwa utotoni. Yeye na Robert Anda wakawauliza zaidi ya watu 17,000 kuhusu madhila yao ya utotoni, na matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1998. Aliyepitia madhila ya aina nne au zaidi alikuwa na hatari mara 4 hadi 12 ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua, akilinganishwa na asiyepitia lolote. Miaka 12 baadaye Shirika la Afya Duniani lilikusanya takwimu za nchi 21, Nigeria ikiwemo, na hesabu ikaonyesha kwamba karibu asilimia 30 ya magonjwa ya akili yanahusiana na madhila ya utotoni. Takwimu hizi nazitaja kwa haraka kwa sababu orodha ya maswali ya Felitti ilitungwa kwa nyumba ya Kimarekani: mzazi mlevi, mzazi mkali, talaka. Haikuwa na swali kuhusu serikali inayokuja na orodha.

Kuhusu mwili, elimu yenyewe si ngumu kuieleza. Mtoto akiogopa, ubongo unaamuru tezi zilizo juu ya figo kumwaga kotisoli, moyo unakimbia, misuli inajiandaa. Hofu ikiisha, vyote hutulia. Hofu isipoisha, mwili unasahau kutulia. Akikua, pigo ambalo mwenzake angelibeba kwa shida akapona, yeye linamlaza. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2012 uliona kwamba sonona ya mtu aliyeteswa utotoni ina uwezekano wa takriban mara mbili wa kurudi au kukawia, na dawa na ushauri humsaidia kwa shida zaidi.

Turudi ziwani. Zaidi ya watu laki moja waliikimbia Burundi, wengi wao kwenda Tanzania, kwa mitumbwi kandokando ya pwani hadi Kigoma au kwa miguu kupitia bonde la Malagarasi. Serikali ya Nyerere iliwapa msitu. Ulyankulu ilianzishwa 1972, Katumba 1973, Mishamo 1978. Wengine walikataa makazi hayo wakajichanganya na watu wa Kigoma, ambako Kiswahili cha Rumonge kiliwasaidia sana kupita bila kuulizwa kwao ni wapi.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi nao mwaka 1985 na 1986, na kitabu chake cha 1995 kina jambo ambalo wataalamu wa sonona wangepaswa kulisoma. Huko Mishamo, 1972 ilisimuliwa. Ilisimuliwa vibarazani na shambani, kwa mpangilio ule ule, na mtoto aliyezaliwa kambini aliijua kama aliyekuwepo. Mjini Kigoma hali ilikuwa kinyume: watu hawakutaka kuitwa wakimbizi wala Wahutu, walitaka kuishi. Malkki hakwenda kupima magonjwa ya akili, nami siwezi kumsemea. Lakini ongeza kundi la tatu, wale waliobaki Rumonge kwenyewe, na picha inakamilika. Kambini msiba ulikuwa wa wote na ulisemwa. Kigoma uliachwa kwa hiari. Rumonge ulizibwa mdomo. Mtoto wa Mishamo alikuwa maskini, ila aliambiwa baba yake alikufa vipi na kwamba hakuwa msaliti. Mwenzake wa Rumonge aliketi darasa moja na mtoto wa mtu aliyemchukua baba yake, na hakuna aliyelisema hilo nyumbani.

Sitaki mtu aone kambi kuwa dawa. Simulizi ileile iliyomwondolea mtoto aibu ilimpa adui, tena adui wa kabila zima. Palipehutu, chama kilichodai kuwakomboa Wahutu, kilizaliwa katika makazi hayo mwaka 1980. Na baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, vita vilipoanza, viongozi kadhaa wa uasi walikuwa mayatima wa 1972. Anayejulikana zaidi ni Pierre Nkurunziza: baba yake, mbunge Eustache Ngabisha, aliuawa mwaka huo mwanawe akiwa bado mtoto. Alitawala Burundi kuanzia 2005 hadi alipofariki Juni 2020. Simwiti mgonjwa, sina haki hiyo. Nasema tu kwamba utoto ulioumizwa una njia nyingi za kutokea, na kulala kitandani ukiwa umeelekea ukutani ni mojawapo tu.

Vita hivyo vikazaa mayatima wapya kila upande. Huko Kibimba wanafunzi wa Kitutsi walichomwa moto Oktoba 1993. Katika seminari ya Buta, kwenye milima ya Bururi juu ya mwambao huu, wanafunzi 40 waliuawa alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, na habari zikasambaa kwamba walikataa kutengana Wahutu na Watutsi. Mtu aliyekuwa na miaka minane mwaka 1972 alikuwa na watoto wa umri huo sasa, na akalazimika kuwaficha vichakani kama alivyofichwa yeye.

Mwaka 2008 Tanzania ilianza kuyafunga makazi ya zamani. Wakimbizi takriban 162,000 walipewa uraia wa Tanzania, na wengine zaidi ya 50,000 walirudi, wengi wao wakilenga Rumonge na Nyanza-Lac. Hapo ndipo utafiti wa London unapokutana tena na mwambao. Katika kazi yao ya miaka ya 1990, Brown na wenzake waliona kwamba kati ya mapigo yote ya utu uzima, yanayoleta sonona zaidi ni yale yanayomdhalilisha mtu au kumfungia pasipo njia ya kutoka. Mrejeaji wa 2008 alishuka kwenye lori akaelekea shamba la baba yake, akakuta michikichi ya mtu mwingine. Sehemu ya ardhi hiyo serikali iliigawa baada ya 1972, sehemu iliingizwa katika miradi ya mawese, sehemu iliuzwa mara mbili au tatu. Sheria ya ardhi ya 1986 ilimpa aliyelikalia shamba kwa miaka 30 haki ya kulimiliki, au 15 kama alilipata kwa nia njema. Miaka 36 ilikuwa imepita.

Tume ya ardhi, CNTB, iliundwa mwaka 2006, na mwanzoni ilipendelea wagawane: nusu yako, nusu yangu. Chini ya Monsinyori Sérapion Bambonanire, kuanzia 2011, ikageuka na kumrudishia mrejeaji shamba zima. Kila uamuzi ulikuwa na mtu wa kudhalilika. Mkazi aliyenunua kwa pesa halali na kuzeekea hapo alitolewa mbele ya wajukuu. Mrejeaji aliyeshinda alitazamwa kama mwizi, aliyeshindwa akajiona mwana wa mmenja upya. Wasiokumbuka hata mpaka wa shamba lao walipelekwa katika vijiji vya amani, nyumba zilizopangwa mistari bila ardhi ya kutosha kulima. Watoto wao, waliosoma kwa Kiswahili huko Katumba, waliingia madarasa ya Kirundi na Kifaransa wakawekwa na wadogo zao. Muda wa CNTB ulikwisha mwaka 2022, kesi zikabaki mahakamani na majumbani.

Mtu mwenye sonona katika mwambao huu hasemi ana sonona. Anasema kichwa kinamuuma miezi, moyo unaenda mbio, mgongo umekufa, hana hamu ya chakula, halali. Kwa Kirundi hali hiyo ina jina, akabonge, na Pacifique Irankunda, Mrundi ambaye vita vya 1993 vilimkuta akiwa mtoto mdogo, aliandika pamoja na wenzake mwaka 2017 kuhusu jinsi wanakijiji wanavyolitenganisha na ihahamuka, mshtuko wa aliyeona mabaya. Kwenye zahanati anapewa dawa ya malaria, kwa kuwa malaria ipo kweli na kipimo chake kipo. Hospitali ya magonjwa ya akili ni ile ya Mabruda wa Huruma, huko Kamenge, Bujumbura, na aliyefikishwa huko mara nyingi amekwisha kuwa mgonjwa anayetembea uchi au kupiga watu. Anayekaa kimya nyumbani hapelekwi popote. Watu humwona mpole.

Tiba isiyohitaji hospitali ipo, na ushahidi wake haukutoka mbali. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda, eneo lililojaa mayatima na wajane wa ukimwi. Watu wa kawaida walifunzwa kuongoza vikundi vya wagonjwa, wakakutana mara moja kwa juma kwa majuma 16, wakazungumza misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya waliohudhuria walikuwa na sonona kamili. Mwishoni walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, kiwango kilishuka kutoka asilimia 94 hadi karibu 55. Ni tofauti kubwa mno, na sijui kwa nini haijawa kelele ya redio zetu zote.

Ila jaribio la Burundi yenyewe lilikuja na somo chungu. Mtafiti Wietse Tol na wenzake walijaribu mpango wa michezo na mazungumzo katika utafiti wa watoto 329 wa shule 14 katika maeneo yaliyoathiriwa na vita, na matokeo yao ya 2014 yalikuwa ya kweli kuliko ya kupendeza: kwa ujumla mpango haukupunguza sonona. Ilipungua kwa baadhi tu, wale wanaoishi na wazazi wote wawili, na wale wa kaya zenye watu wengi. Aliyekuwa na watu nyumbani ndiye aliyefaidika na mpango. Asiye na watu alirudi alikotoka.

Na mwambao haukusubiri. Mwaka 2015, baada ya Nkurunziza kugombea muhula wa tatu, maelfu kwa maelfu walivuka hadi Kagunga, kijiji cha wavuvi cha Tanzania kilichobanwa kati ya maji na mlima, bila barabara ya gari. Kipindupindu kiliwakuta ufukweni. Meli kuukuu ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikawachukua mamia kwa mamia hadi Kigoma, na kutoka huko Nyarugusu, baadaye Nduta na Mtendeli. Watafiti wa Kitanzania na Wajerumani waliochunguza familia za Kirundi katika kambi hizo wameonyesha jinsi maumivu ya wazazi na ukali ndani ya nyumba vinavyokwenda sambamba na matatizo ya akili ya watoto. Baadhi ya wazazi hao walizaliwa Tanzania katika ukimbizi wa 1972, wakarudi 2008, wakakimbia tena. Mtendeli ilifungwa Desemba 2021.

Mwezi huohuo Tume ya Ukweli na Maridhiano, chini ya Pierre Claver Ndayicariye, ilitangaza kwamba yaliyowapata Wahutu mwaka 1972 na 1973 yalikuwa mauaji ya kimbari. Mwaka uliotangulia ilikuwa imefukua makaburi kando ya mto Ruvubu na kutoa mabaki ya zaidi ya watu 6,000. Wapo waliotambua shati, rozari, kitambulisho, na baada ya karibu nusu karne wakaweza kuzika. Kwa mtu wa miaka sitini, kusikia redio ya taifa ikisema baba yake hakuwa mmenja ni jambo ambalo kidonge hakiwezi kulifanya. Lakini wakosoaji waliilaumu tume kwa kuchimba upande mmoja wa historia, na ukiwa Rumonge lawama hiyo haiwi ya kinadharia. Hapa ndipo damu ya kwanza ilipomwagika, usiku wa Jumamosi ile, na yatima wa Kitutsi aliyempoteza baba kabla hata orodha za jeshi hazijaandikwa naye amezeeka, anaishi mtaa uleule, na kilio chake hakina siku iliyotengwa.